Baridi ya Julai na kambi za shule: mmeuliza, Mwalimu anajibu

Mwezi huu karibu barua zote zimekuja na jambo moja. Shule zimefungua, asubuhi hapa Tabora baridi imeshika kweli kweli, na shule kadhaa za kanisa zimetoa ratiba ya masomo ya nje, wengine ni siku moja tu wanaenda na kurudi, wengine ni kambi ya kulala, na wazazi mmeshtuka. Nimechagua barua zinazouliza yale ambayo wengi mmeuliza. Mimi ni mlezi wa wanafunzi kwenye shule ya kanisa na hili jambo la kuwatoa watoto nje nalipenda sana, kwa hiyo pengine nitarefusha, mnivumilie.

*

*Shikamoo Mwalimu. Mwanangu yuko darasa la nne shule ya misheni, wameandika wanaenda kulala porini siku mbili wiki ijayo. Ana pumu, na hii baridi ya sasa hivi mimi mwenyewe natoka na sweta na mtandio juu. Si atarudi na nimonia? Baba yake anasema nimwache aende, mimi roho haitaki kabisa. – Mama wa Ipuli*

Marahaba mama. Roho yako nailewa, na wala usiione ni uoga, mama mwenye mtoto wa pumu ana haki ya kuuliza mara mia.

Tuanze na nimonia. Nimonia inaletwa na vijidudu, bakteria au virusi, baridi peke yake haimpi mtoto nimonia, ndio maana anaweza kuipata hata Oktoba jua linawaka. Mafua hivyo hivyo, watoto wanaambukizana pale wanapofungiwa darasani madirisha yamefungwa wanakoholeana, sasa ukiangalia hapo utaona nje penye hewa ni afadhali kuliko ndani. Lakini pumu ni habari nyingine, hiyo usiichukulie poa. Hewa ya baridi na kavu inaweza kubana kifua, vumbi la kiangazi linabana, na kitu ambacho wengi hawakifikirii ni moshi wa moto wa kambi, ule moto wa jioni ambao watoto wote wanauzunguka wanaimba. Mwambie mwalimu mtoto wako akae upande upepo unakotoka, moshi uende kwa kule, na ukigeuka na yeye ahame. Inhela yake isiwe ndani ya begi lililofungwa kwenye gari, iwe kwa mwalimu anayetembea naye au mfukoni mwake mwenyewe kama anajua kuitumia, na kabla ya kuondoka mwangalie dawa bado ipo ndani au ni kopo tupu. Andika karatasi, anabanwa na nini, anapewa mivuto mingapi kama daktari alivyosema, na namba yako ya simu. Na kama wiki hii amekuwa akiamka usiku anakohoa basi asiende safari hii, kambi nyingine zitakuja.

Sasa baridi yenyewe. Tabora tuko juu, kama mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari, na Julai mbingu haina wingu, joto la mchana lote linapanda juu likaondoka, ndio maana mchana unaweza kufika nyuzi 28 mtoto anatoka jasho alafu alfajiri inashuka mpaka nyuzi 15 hivi au chini yake. Hiyo sio baridi ya kumuua mtoto aliyevaa, ila inamtesa asiyejiandaa. Na kosa ninaloliona kila kambi ni lile lile, mtoto anakuja na blanketi zuri zito, anajifunika lote juu, chini amelalia turubai tupu. Saa nane usiku anatetemeka na mwalimu anamwongezea kitenge cha kumfunika, wakati baridi inatoka chini kwenye ardhi! Chini ndio panatakiwa kuwe pazito. Sisi tunawafundisha watoto wenyewe watandike, kwanza nyasi kavu nene (zikung'utwe kwanza na zikaguliwe, kuna siafu na nge), juu yake magunia, juu mkeka, alafu blanketi nusu chini nusu juu. Mtoto aliyelala hivyo anaamka kachangamka anaulizia uji.

Mpakie soksi kavu za kulalia tu, kofia, na nguo za kulala ambazo hajashinda nazo, maana fulana aliyochezea mpira ikalowa jasho ndiyo itakayompiga baridi usiku. Na chakula, mama, usiku wa baridi tumbo tupu halina joto, mfungie karanga na matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa.

Moja la mwisho na hili nalisema kwa wazazi na walimu wote. JIKO LA MKAA LISIINGIE NDANI watoto wanapolala, iwe hema, bweni au darasa, hata kama baridi inauma vipi, hata kama mkaa umeshakuwa mwekundu hautoi moshi. Ile hewa yake haina harufu na haionekani na inaua watu usingizini. Ukisikia shule inaweka jiko bwenini ili watoto wapate joto, nenda kamchukue mtoto wako usiku huo huo.

*

*Mwalimu mimi nina swali la pesa yangu. Nimelipa ada, nikalipa mchango wa chakula, sasa naambiwa kuna wiki ya masomo ya nje. Mimi nimekulia Sikonge, pori nimelijua bila kulipia. Mtoto nimempeleka shule ya kanisa apate maadili na masomo, sio kurandaranda na nyasi. Hii inamsaidia nini kwenye mtihani? – Baba wa watatu, Kiloleni*

Baba, wewe uliyekulia Sikonge ndio mtu ninayetamani uje kambini utufundishe, nasema kwa dhati. Pori ulilijua kwa sababu baba yako au babu yako alikutembeza. Huyo wako wa Kiloleni nani anamtembeza? Asubuhi yuko kwenye basi la shule, jioni homuweki, Jumamosi katuni. Kuna watoto wa mjini hapa hapa Tabora hawawezi kutofautisha mninga na muyombo, na hiyo miti ndiyo iliyoulea mkoa huu, asali yetu inatoka kwenye maua yake.

Umeuliza faida, nikupe somo moja tu jinsi linavyokwenda. Tunawaamsha saa kumi na moja alfajiri, wamejifunika mablanketi, tunatoka uwanjani penye giza. Mashariki, kaskazini kidogo, kuna kundi dogo la nyota zimebanana, hicho ndicho Kilimia. Tunawaambia wahesabu, wengi wanapata sita, mwenye macho makali anapata saba. Alafu tunawauliza, wazee walisema Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, maana yake nini? Hapo wanaanza kubishana. Mwezi wa tano kilikuwa hakionekani kabisa kwa sababu jua lilikuwa upande ule ule, mvua zilipokuwa zinaishia kikapotea magharibi, sasa kimezuka alfajiri na huku ni kiangazi kikavu, kwa hiyo wazee walikuwa wanasoma kalenda ya kilimo juu mbinguni. Pale pale kuna jiografia, dunia kulizunguka jua. Kuna sayansi. Kuna Kiswahili, methali. Na mwalimu wa dini anafungua Ayubu sura ya 38 pale Mungu anapomuuliza Ayubu kuhusu Kilimia na Orioni, kundi jingine la nyota, na mtoto aliyekuwa anaisoma ile sura kama orodha ya maneno magumu anainua kichwa anakiona Kilimia chenyewe kiko pale. Mimi nimeshuhudia watoto wakinyamaza wenyewe hapo bila kuambiwa nyamazeni. Ukienda mwisho wa Julai au Agosti na Orioni naye anakuwa ameshapanda vizuri kabla hakujapambazuka.

Maadili unayoyatafuta ndio hayo hayo baba. Mtoto anayemgawia mwenzake blanketi saa tisa usiku kajifunza kitu ambacho ubaoni hakiandikiki. Ila kwenye pesa nakuunga mkono, shule ikuonyeshe mchanganuo, usafiri kiasi gani chakula kiasi gani, ni haki yako kuuliza.

*

*Habari za kazi mwalimu. Mimi ni mwalimu wa sayansi shule ya kanisa huku Urambo, nimepewa kuandaa siku ya msituni kwa wanafunzi wa kidato cha kwanza na sijawahi. Mkuu anataka tuwapeleke pia waone mizinga ya nyuki. Naomba uniambie vitu vya hatari ambavyo watu wanavisahau. – Mwalimu mgeni*

Nzuri mwalimu mwenzangu. Nimefurahi umeuliza kabla, wengi wanauliza baada.

Kwanza sweta. Najua unashangaa kwa nini naanza na sweta, lakini angalia yunifomu zetu, shule nyingi sweta ni bluu iliyoiva au nyeusi. Sasa mbung'o wanavutwa na bluu na nyeusi, ndio maana mitego yao inashonwa kwa vitambaa vya rangi hizo, na huko Urambo unakojua mwenyewe malale sio hadithi. Nyuki nao wakikasirika wanakimbilia kitu cheusi. Waambie waje na sweta za nyumbani, khaki, kijivu, krimu, rangi iliyopauka yoyote, mikono mirefu, suruali ndefu mpaka wasichana, na viatu vya kufunika mguu, ndala ziachwe.

Nyuki. Usiwapeleke kwenye mizinga bila mfugaji mwenyewe. Tabora tuna bahati tuna chuo cha ufugaji nyuki, na kila kijiji kina warina asali, na wakati huu wengi wanaingia porini kurina, ongea na mmoja aje awaonyeshe mzinga mtupu kwanza pale chini, wa gogo na wa kisasa wa sanduku, wauguse, wanuse nta. Mizinga yenye nyuki waione kwa mbali. Wasijipake manukato wala mafuta yenye harufu kali. Nyuki mmoja akimchoma mtoto, asimpondeponde, maana ule mwiba unatoa harufu inayowaita wenzake, wengine wanasema inafanana na harufu ya ndizi, na hapo ndipo mmoja wanakuwa mia. Anaondoka kimya kimya, mwiba unakwanguliwa haraka kwa ukucha. Wakitoka wengi ni kukimbia, mbali, bila kusimama, uso umefunikwa, waingie ndani ya gari au nyumba wafunge, wasiruke kwenye maji maana wanawangoja juu. Na waulize wazazi mapema kwa maandishi nani anavimba mwili mzima au anakosa pumzi akichomwa na mdudu, huyo asiende upande wa mizinga kabisa.

Nyoka, watu wanasema baridi hii wamelala. Wamekuwa wazito tu, hawajaisha. Asubuhi wanatoka kuota jua kwenye njia hiyo hiyo mnayopita, na kifutu hakimbii, anajilaza anafanana na majani makavu, kwa hiyo anayetangulia awe mtu mzima mwenye fimbo na macho chini. Mtu asiinue gogo kwa mkono. Akigongwa mtu: atulizwe, mguu usitembeshwe, ufungwe kwenye kijiti kama uliovunjika, gari, hospitali. Hakuna kuchanja, hakuna kunyonya, hakuna kukaza kamba. Ndio maana gari lazima libaki pale siku nzima, dereva asiende kubeba abiria kidogo kidogo akirudi jioni.

Moto nao. Nyasi za Julai zinashika kwa cheche moja na upepo mchana unakuwa mkali. Kama mtawasha, fyekeni mduara mpana mpaka udongo uonekane, ndoo za maji na matawi mabichi pembeni, na mkimaliza mwageni maji, korogeni, mwageni tena, mpaka uweke kiganja kwenye majivu usisikie joto. Kama msitu ni wa hifadhi nendeni TFS, wakala wa serikali wa misitu, mkachukue kibali mapema.

Mengine ni ya kawaida, kuhesabu watoto mnapotoka na kila mnaposimama, maji ya kutosha kwa sababu kwenye baridi watoto hawasikii kiu na wanakunywa kidogo, filimbi kwa kila kikundi. Utafanya vizuri. Anza na asubuhi moja, usianze na kambi.

*

*Mwalimu, mdogo wangu anaishi Kanada na wanawe wanasoma shule ya Kikristo. Ananiambia mwezi wa kwanza na wa pili watoto wanatolewa nje kwenye theluji na kuna siku wanachimba nyumba ya theluji wanaingia ndani. Mimi nimeona huo ni ukatili, au ananidanganya? – Bibi wa Kanyenye*

Shikamoo bibi. Hakudanganyi. Kule Januari na Februari ndio kipupwe chao, na shule nyingi zinaona wakiwafungia watoto ndani miezi yote hiyo watawaharibu, kwa hiyo wanawatoa, wanatembea juu ya theluji kwa viatu vipana vya kufunga miguuni ili wasizame, wanafuatilia nyayo za sungura na kulungu, wanateleza kwa ski.

Hiyo nyumba ya theluji ndiyo inayonifurahisha mimi. Wanarundika theluji kwa makoleo mpaka ifike kimo cha mtu, wanaiacha saa moja, saa mbili, ishikamane. Alafu wanachomeka vijiti vingi kutoka nje, vyote urefu mmoja, kama sentimita 30. Ndipo wanaanza kuchimba kutoka chini kwenda ndani, na anayechimba akiona ncha ya kijiti imetokeza anajua hapo asimame, ukuta ukipungua zaidi utamwangukia. Juu wanatoboa tundu la hewa, hilo ni lazima. Pa kulala wanapainua juu kuliko mlango kwa sababu hewa ya baridi ni nzito inashuka inatokea mlangoni. Nje inaweza kuwa nyuzi 20 chini ya sifuri, ndani kwa joto la miili yao tu inakaa karibu na sifuri, kwa sababu theluji imejaa hewa ndani yake na hewa iliyonaswa haipitishi joto haraka. Ni kama manyoya ya kuku akiyafura asubuhi. Na ndio ile ile sababu ya nyasi kavu chini ya mkeka niliyomwambia mama wa Ipuli.

Na kule wana sheria moja ambayo natamani tuichukue, nguo ya pamba hairuhusiwi kugusa mwili, kwa sababu pamba ikilowa inakaa na maji na kunyonya joto, wanavaa sufu, ambayo hata ikiwa na unyevu bado inatunza joto. Wajukuu wako wakivaa tabaka tatu, glovu na kofia, na mwalimu akiwa anawakagua vidole, masikio na pua kama vinaanza kupauka na kufa ganzi, wako salama bibi. Waombe wakutumie picha.

*

*Assalam aleikum. Sisi ni Waislamu, binti yetu anasoma sekondari ya kanisa kwa sababu inafaulisha na tuko jirani. Sasa kuna kambi siku tatu na kwenye ratiba kuna ibada asubuhi na jioni. Sitaki kumkosesha na wenzake, na sitaki ageuzwe. Nifanyeje? – Baba, Gongoni*

Waaleikum salaam baba. Tabora yetu hii misikiti na makanisa vinasikilizana adhana na kengele tangu zamani, kwa hiyo hili sio swali la kuona aibu kuuliza.

Katiba ibara ya 19 inampa kila mtu uhuru wa dini yake, na shule kuwa ya kanisa haiondoi hilo. Nenda kwa mkuu wa shule, sio kwa mwalimu wa zamu, na uombe mambo matatu kwa maandishi: kwamba ibada kwake sio lazima na hatatengwa wala kunyimwa chakula, kwamba atapewa nafasi na maji ya udhu kwa swala zake, na kitoweo kitachinjwa na Muislamu. Hilo la kuchinja shule nyingi wanalifanya tayari bila kelele ili watoto wote wale sufuria moja. Shule yetu ibada ya jioni inapoanza wale wasioshiriki wanakuwa na mwalimu wao kwenye moto wa pili, sio kusukumiwa hemani gizani. Kwenye Kilimia wote wanakuja, na saa hizo hizo wenye swala ya alfajiri wanajiandaa kwenda kuswali, ratiba inakubaliana yenyewe tu.

Na kama mkuu akikujibu kwamba anayekula chakula cha kambi lazima asali sala ya kambi, basi hapo binti abaki nyumbani na wewe uwe na maswali mengine kuhusu hiyo shule. Mimi Mkristo nakwambia hivyo, imani ya kushurutishwa na njaa haina thamani mbele za Mungu.

*

*Mwl mm ni form two. Kwetu elimu ya nje ni kwenda kuokota kuni za jikoni na kufyeka shamba la mwl mkuu msaidizi kila ijumaa asubuhi na baridi, tukichelewa tunapigwa. Ni sawa? – Usinitaje shule*

Si sawa mwanangu, na shule sijaitaja. Kazi za mikono shuleni zipo na ni nzuri, kufagia, bustani ya shule, kupanda miti, na kila mtu anashiriki. Ila kufyeka shamba la mtu binafsi sio somo hata liitwe jina gani. Elimu ya nje ina swali mnalotafuta jibu lake, mnarudi mnaandika. Mwambie mzazi wako, aende na mzazi mwingine wawili kwenye kamati au bodi ya shule, na kama hawasikilizwi aende kwa afisa elimu wa kata. Wewe usibishane na mwalimu peke yako.

*

*Kambi wanataka elfu tisini, sina. Nina watoto wawili darasa la tano na la sita. Kuna kitu naweza kufanya nao mwenyewe? – Mama lishe, stendi*

Kipo mama, kingi. Jumamosi moja waamshe mapema, nendeni Kwihara, iko nje kidogo ya mji, kwenye ile tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872 baada ya kuachana na Stanley. Nendeni kwa miguu asubuhi hii ya baridi ndio raha yake, rudini kwa bajaji jua likiwa kali. Njiani angalieni miembe mikubwa, waambie hii ilikuwa njia ya misafara, pembe za ndovu na watu waliofungwa minyororo walipita hapa wakitokea Ujiji kwenda Bagamoyo, na Wanyamwezi ndio walikuwa wapagazi wake wakubwa. Wape daftari wachore mti mmoja kila mtu, jani, gome, na mdudu waliyemkuta juu yake, na jina lake kwa Kinyamwezi wamuulize mzee yeyote mtakayekutana naye.

Kilimia nacho hakilipiwi. Ila chagueni usiku usio na mwezi, mzime taa ya nje, na muwe mmetoka kabla ya saa kumi na moja na nusu, ikishafika saa kumi na mbili kasoro anga linaanza kupauka na zile nyota ndogo zinapotea.